Kununua Pasipo Shahidi

Mtu anayenunua chungu hamwulizi mfinyanzi kama ni kizima. Hukiinua, hukizungusha mikononi, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Chungu kizima hutoa mlio mmoja ulio wazi. Chenye ufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa jicho, hujibu kwa sauti ya kukwama, kama mtu mwenye mafua. Anayechagua nazi huitikisa karibu na sikio apate kusikia maji. Mpiga ngoma huikaribisha ngozi motoni, akaigonga, akairudisha tena motoni, mpaka sikio lake liridhike. Mambo haya tumeyarithi bila kuandikiwa, nayo yatuonyesha kwamba wazee wetu walilihesabu sikio kuwa shahidi wa sokoni, tena shahidi asiyepokea rushwa.

Yapo hata hivyo mambo ambayo sikio la sokoni haliyawezi, na la ajabu ni kwamba mojawapo ni kitu ambacho kazi yake yote ni kulia, yaani spika ya gari. Mnunuzi husimama mbele ya ubao wa dukani uliopangwa spika kumi au ishirini. Muuzaji hubonyeza kitufe, muziki ukavuma, na mnunuzi akatoka na boksi kwapani akiamini kwamba amesikia. Kumbe alichokisikia sicho atakachokisikia garini. Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma huivuta. Ubao mpana wa dukani huzitenga hewa hizo mbili, lakini mlango wa gari una matundu mengi, na hewa ya mbele ikikutana na ya nyuma, sauti nzito huuana zenyewe kwa zenyewe. Spika iliyonguruma dukani kama simba, garini hulia kama nyuki ndani ya kibuyu. Tena mnunuzi amesikiliza kwa dakika 5 kitu anachokusudia kukaa nacho miaka 5. Jua la mchana linalochoma mlango, vumbi la kiangazi, unyevu wa masika na mashimo ya barabara, hayo yote hayapigwi kwenye ubao wa duka.

Kwa hiyo mnunuzi anahitaji shahidi, na shahidi anayefaa ni mmoja tu: mtu aliyeinunua spika hiyo kwa fedha yake, akaifunga katika gari lake, akaisikiliza masika na kiangazi, wala hana faida yoyote katika kuisifu. Shahidi huyo ndiye asiyepatikana. Hapo huzuka maswali mawili. La kwanza, mtu asiye na shahidi wa kweli ana haki ya kuamini nini? La pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kwa nini shahidi huyo hapatikani, hali spika za namna hiyo zimeuzwa nyingi na wenye nazo tunaishi nao mtaa mmoja.

Huenda msomaji akaona kwamba falsafa haina shughuli na spika. Namwomba avumilie. Magari mengi yanayotumika nchini mwetu yamekwisha kutumika Japani kabla ya kufika bandari ya Dar es Salaam, na redio nyingi za zamani za huko hupokea megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali vituo vyetu vya FM husikika kati ya megahezi 87.5 na 108. Mwenye gari hujikuta anabadili redio, na akibadili redio fundi humwambia kwamba spika nazo zimechoka. Hivyo wengi wetu, wakiwamo walimu ambao mishahara yao yajulikana, tumefika mbele ya ubao ule pasipo kuwa wapenzi wa muziki mkubwa.

Tuanze na wale wanaojitolea kushuhudia bila ya kuitwa. Wa kwanza ni muuzaji, na juu yake wahenga walikwisha kusema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Huyu hana hatia kubwa, maana kila mtu ajua aliposimama. Wa pili ni fundi wa kufunga spika. Huyu amesikia nyingi, na neno lake lingekuwa dhahabu. Ila katika miji yetu wapo mafundi wanaopewa chochote na duka kwa kila mteja wanayempeleka, na mteja hana njia ya kumjua aliyepewa na asiyepewa. Wa tatu ni boksi lenyewe, ambalo hubeba tarakimu kubwa na picha ya moto. Wa nne ni sifa za watu wasiojulikana zinazoandikwa katika masoko ya intaneti, ambazo nyingine ni za kununuliwa. Jambo hili limeenea kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ya Marekani, kwa mkono wa tume yake ya biashara, ilitoa kanuni ya kukataza kuuza na kununua sifa za uongo za wateja. Nchi haitungi kanuni dhidi ya mwizi ambaye hajapata kuiba.

Lugha yetu inayo silaha ndogo katika jambo hili, nayo ni neno "eti". Mtu akisema, "Eti spika hizi zinatoa wati 1000," ameyabeba maneno bila kuyamiliki. Amemwambia msikilizaji kwamba yeye ni mpita njia tu na mzigo ni wa mwingine. Akisema, "Nimesikia zinadumu," amejitenga nayo kwa hatua moja. Akisema, "Nimekaa nazo mwaka mzima," ameweka uso wake rehani. Wanavyuoni wa hadithi, ambao elimu yao imesomwa katika madarasa ya pwani yetu kwa karne nyingi, hawakukubali neno mpaka wajue limepita kwa nani na nani, na kila mmoja wao alikuwa mtu wa namna gani. Neno zuri lililopita kwa mwongo mmoja lilitiliwa shaka lote. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 nayo yataka ushahidi wa mdomo utoke kwa yule aliyeona au kusikia mwenyewe. Sokoni tumeziacha desturi hizi mlangoni. Muuzaji hasemi "eti". Nasi tunaporudia maneno yake mbele ya jirani, "eti" imekwisha kudondoka njiani, na maneno ya boksi yamekuwa maneno yetu.

Sasa, pasipo shahidi, je, kitu chenyewe chaweza kusema? Chaweza, ingawa si kila jambo, na hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu amejaliwa kuliko anavyojua. Tuitazame ile tarakimu ya wati 1000. Redio nyingi za gari zina fyuzi ya ampea 10 nyuma yake. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa kama volti 14.4. Zidisha, utapata wati 144, nazo ndizo zote zinazoweza kupita hapo mfululizo, pamoja na zile zinazopotea kwa joto. Tena redio isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kuipa spika moja ya omu 4 zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi, hata tukidhani kwamba hakipotei kitu; kwa kweli hutoa pungufu ya hapo. Muuzaji aliyesoma atajibu kwamba tarakimu ya boksi haisemi spika itatoa nini bali itavumilia nini. Sawa. Lakini hiyo ni kama kumsifu hamali kwamba ana uwezo wa kubeba magunia kumi, hali nyumbani kwako hamna zaidi ya gunia moja. Tena mara nyingi tarakimu hiyo ni ya kilele, yaani ya kufumba na kufumbua, wala si ya mzigo wa kutwa.

Tarakimu yenye maana imeandikwa kwa herufi ndogo, au haikuandikwa kabisa. Nayo ni ile isemayo spika hutoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kusikilizwa kwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuziongeza wati maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 93 iliyopewa wati 20 husikika sawasawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 80. Mwenye redio ya kawaida akilijua hili tu, ameepuka nusu ya mitego ya duka.

Mikono nayo yaweza kuuliza maswali. Tangu Chester Rice na Edward Kellogg walipoeleza muundo wake mwaka 1925, spika ya kawaida haijabadilika kwa asili: koili ya waya katikati ya sumaku, na koni inayosukumwa na koili hiyo. Koni ikisukumwa polepole kwa vidole vilivyowekwa pande zote sawa, iende na irudi kimya. Ikikwaruza, koili imepinda. Sumaku ishikwe na ipimwe uzito, na kifuniko chake cha mpira, kama kinavulika, kivuliwe, maana upo ujanja wa kuvalisha sumaku ndogo kofia kubwa. Spika iliyoandikwa omu 4 ikipimwa kwa mita ya fundi husoma zaidi kidogo ya omu 3. Hayo yote hayamwambii mnunuzi kama sauti ni tamu. Humwambia tu kama aliyeandika boksi ni mwongo. Na hilo si dogo, kwa kuwa aliyesema uongo juu ya linalopimika hatazamiwi kusema kweli juu ya lisilopimika.

Limebaki sikio. Nimesema kwamba wazee walilitegemea, lakini hawakulitegemea peke yake. Walilitegemea juu ya chungu kisichokuwa na jina la kampuni. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu 40 spika za namna 4, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Watu hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza spika, si wageni wa jambo hilo. Walipoziona, kubwa na za gharama zilipata alama nyingi, na ndogo ya bei nafuu ikashuka. Pazia liliposhushwa, tofauti hizo zilipungua sana. Walichokisifu awali kilikuwa sura na jina, nao waliapa kwamba ni sauti.

Jambo hili lanisumbua kuliko ulaghai wa boksi. Boksi ni mwongo wa nje, mtu aweza kumfungia mlango. Lakini jicho linapolitungia sikio ushahidi, mwongo yumo ndani, na mwenye nyumba hajui. Kuna jingine tena: Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu hupunguza sauti nzito pale muziki unapokuwa chini, na kuzirudisha unapopandishwa. Kwa hiyo spika inayopigwa juu kidogo kuliko jirani yake huonekana kuwa na besi nzuri zaidi, ingawa hakuna kilichozidi ila kelele. Muuzaji aijuaye siri hii hahitaji kusema neno. Anayetaka haki na aende dukani na rafiki, amtake rafiki huyo azibadilishe spika huku yeye ametazama ukutani, sauti zikiwa zimelinganishwa, na wimbo uwe ule anaoujua kwa moyo. Watu watamcheka. Mimi sikuthubutu.

Kabla sijaeleza kwa nini nasema hivyo, naona inafaa kumtaja shahidi mmoja wa ajabu, naye ni lundo la spika zilizokufa katika karakana ya fundi anayesuka koili. Katika miji yetu mafundi hawa wapo, na pembeni mwa viti vyao pana chungu nzima ya spika zilizoungua, zilizochanika na zilizooza ukingo wa sponji. Nilikuwa nikidhani kwamba lundo hilo ndilo msema kweli wa mwisho: hesabu tu majina, na jina linalorudi mara nyingi ndilo la kuepuka. Fundi mmoja mzee alinisahihisha. Alisema spika mbovu kupita zote hazifiki kwake kamwe, kwa kuwa hakuna alipaye kusuka kitu cha bei ya chini kuliko ujira wa kukisuka, hizo hutupwa. Zinazofika ni zile ambazo wenyewe waliona zafaa kuokolewa, na zile zilizonunuliwa na wengi. Kwa hiyo jina linalojaa katika lundo laweza kuwa la spika bora iliyopendwa. Lundo lastahili kuulizwa swali jingine: kila moja ilikufaje? Ikiwa koili imeungua, pengine kosa ni la mwenye gari aliyefungulia mno. Ukingo ukiwa umeoza wenyewe, au gundi imeachia, kosa ni la aliyeitengeneza. Nimefundisha miaka mingi, lakini sijapata kusikia somo la kupima ushahidi lililo bora kuliko lile la mzee yule, aliyekuwa na kiwembe mkononi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Sasa nieleze langu. Mwaka 2019 nilinunua katika duka moja la mjini spika mbili zilizoandikwa wati 1000, kwa shilingi 120,000. Mimi nafundisha fizikia. Wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba nguvu ya umeme ni volti mara ampea, na fyuzi ya gari langu naijua. Sikuizidisha. Nilitaka ziwe nzuri, na mtu anayetaka jambo liwe kweli hukwepa kulitafutia hesabu. Siku ya tatu waimbaji walianza kusikika kama wanaimba ndani ya debe. Niliufungua mlango nikavua kofia ya mpira, nikaikuta sumaku ya kadiri ya kifuniko cha chupa ya chai. Nikaifunika tena.

Baada ya siku chache mwalimu mwenzangu alinikuta katika chumba cha walimu, akaniuliza, "Mwalimu, zile spika zako zikoje? Nami nataka kununua." Nilikuwa na kila kitu ambacho nimesema shahidi wa kweli anatakiwa kuwa nacho: nilizinunua kwa fedha yangu, nilizifunga garini mwangu, nilizisikiliza, na duka halikunipa hata soda. Nikasema, "Zinalia, Mwalimu. Usipime." Alikopa katika chama chetu cha kuweka na kukopa, akanunua.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Sikumchukia. Sikufaidi kitu kinachohesabika. Nadhani niliona haya kuwa mtu aliyedanganywa, hasa mtu wa fizikia aliyedanganywa kwa fizikia, na maneno yale yalininunulia heshima yangu kwa fedha ya mwenzangu. Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali langu la pili. Shahidi wa kweli anakuwapo. Tunaketi naye meza moja tukisahihisha madaftari. Ila amefunga mdomo, au ameufungua kwa kusifu, kwa sababu kukiri kwamba kitu ni kibovu ni kukiri kwamba yeye alikichagua.

Mwingereza William Clifford aliandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli mmoja wa mfano. Meli ilikuwa mbovu, naye alikuwa na shaka, lakini aliituliza shaka yake kwa kujiambia kwamba imekwisha kusafiri mara nyingi. Akaipeleka baharini na abiria, ikazama. Clifford asema mtu huyo ana hatia ya kuwaua, na ya kwamba hata kama meli ingefika salama hatia ya imani yake ingekuwa ile ile, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Kwangu mimi hukumu hii ni ya haki nusu. Kwa ile siku ya dukani, yanipata barabara. Lakini Clifford anataka kwamba mtu asiamini lolote, popote, pasipo ushahidi wa kutosha, na hapo naona kwamba hakupata kupanda daladala. Sisi tunaopanda hatumwulizi dereva breki zake. Tunakula chakula cha mama lishe bila kuingia jikoni mwake. Jamii yoyote huishi kwa kuaminiana kabla ya kuthibitisha, na mwalimu mwenzangu hakutenda kosa alipoliamini neno langu. Alitenda lile ambalo watu waungwana hutendeana. Basi pale ambapo mwenye kuuliza hawezi kupima, wajibu wa kupima humhamia mwenye kuulizwa.

Wako wasemao kwamba kila mtu ana macho yake, na kwamba anayenyamaza hamwibii mtu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hasara ingeishia kwa mnunuzi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, alieleza yanayotokea katika soko la magari yaliyotumika ambamo mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na bovu. Kwa kuwa hajui, hulipa bei ya katikati. Mwenye gari zuri huona bei hiyo yamwonea, akaliondoa sokoni. Mabovu yakazidi, bei ikashuka, na mazuri yaliyosalia yakaondoka nayo. Spika hazina tofauti. Muuzaji mwaminifu anayeleta spika yenye sumaku nzito na kuiandika wati 40, kama zilivyo, amekaa jirani na mwenye wati 1000, na kwa kuwa sisi wenye nazo tumenyamaza, ni yeye atakayefunga duka. Wahenga hutuambia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kwa chungu ni kweli, kwa kuwa chungu hugongwa. Kwa kitu kisichogongeka, kizuri hakijiuzi. Huhitaji mtu wa kukisemea.

Ni lazima nikiri kwamba kusema nako kuna mipaka yake. Mimi sikupata kununua zaidi ya spika mbili. Sina haki ya kuhukumu boksi zote za duka, wala kumharibia mtu riziki kwa hasira yangu. Huenda nilipata mbovu kati ya nzima. Lakini hilo linatatuliwa kwa kusema kadiri ya nilichokiona wala si zaidi: nilinunua mbili, nikazifunga katika mlango usiozibwa matundu, pasipo amplifaya, zikaanza kukwaruza siku ya tatu, na sumaku yake ni kadiri hii. Asikiaye atapima mwenyewe. Maneno kama "Usipime" au "Takataka tupu" hayapimiki, maana yametoka moyoni mwa msemaji wala hayakutoka kwenye spika. Wanafunzi wangu wakiandika jaribio la maabara nawadai waeleze walichotumia, walichofanya na walichoona, kwa mpango huo. Sijui kwa nini nilidhani desturi hiyo huishia kwenye mlango wa maabara.

Spika za mwenzangu ziliungua baada ya miezi miwili. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole, akitaka kujua kama kosa lilikuwa lake, "Zako bado zinalia vizuri, Mwalimu?" Nikajibu, "Bado." Neno hili la pili ndilo lililoninyima usingizi, kuliko la kwanza. La kwanza lilimtoa fedha. La pili lilimfanya ajishuku mwenyewe, afikiri kwamba yeye ndiye asiyejua kutumia vitu. Kesho yake baada ya vipindi nilimwita kwenye gari langu. Nilikuwa na bisibisi. Nilifungua mlango mbele yake, nikaitoa spika, nikaivua kofia, nikamwekea sumaku ile kiganjani, nikamwambia niliijua tangu siku ya tatu.

Aliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, lakini alichosema ni kwamba na yeye, wiki ile ya kwanza kabla hazijaungua, zilikwisha anza kukwaruza, naye siku hiyo hiyo alimsifia shemeji yake wa Morogoro aliyepiga simu kuuliza. Alimwambia, kwa maneno yangu yale yale, kwamba zinalia, asipime.

Tulimpigia simu tukiwa tumesimama pale pale, mlango wa gari uko wazi na nyaya zinaning'inia. Mwenzangu alieleza yote, polepole, akitaja sumaku na siku. Kisha akanyamaza, akisikiliza, akaisogeza simu ili nami nisikie. Shemeji alisema amekwisha kuzinunua, tangu mwezi uliopita. Mwenzangu akamwuliza zikoje.

"Nzuri, shemeji," sauti ilisema upande wa pili, haraka kidogo. "Nzuri sana."